Kariakoo na Magomeni za ghorofa: Mtoto analala vizuri, lakini atacheza wapi?

Mwanafunzi wa darasa la tatu anayeishi Chanika na kusoma katikati ya Dar es Salaam huamshwa saa 10:30 alfajiri. Anaogeshwa akisinzia, anavalishwa sare, anakunywa chai nusu kikombe na kukimbilia gari la shule kabla jua halijachomoza. Mwenzake wa dawati moja anayeishi Kariakoo, Ilala au Magomeni anaamka saa 12:15 asubuhi, anatembea kwa miguu, na wote wawili wanasimama mstarini kengele ikilia.

Tofauti kati yao ni karibu saa mbili za usingizi, kila siku ya shule, mwaka mzima.

Hesabu hiyo ndiyo inayowarudisha mjini wazazi wengi vijana. Wazazi wao walihangaika kupata kiwanja Mbagala, Kibamba au Goba ili watoke kwenye vyumba vya kupanga. Wao wanafunga safari kinyume: wanapanga vyumba viwili ghorofa ya nne mtaa wa ndani Kariakoo kwa fedha ambayo kule pembeni ingewapa nyumba nzima yenye uzio na mwembe. Ukiwauliza kwa nini, jibu la kwanza huwa foleni. La pili huwa mtoto.

Mtoto huyo anapata kitu kikubwa akihamia huku, na anapoteza kingine kikubwa. Tumezoea kuzungumzia kodi, maegesho na biashara za Kariakoo, lakini ni mara chache tunauliza mitaa hii mipya inaulea vipi mwili wa mtoto wa miaka mitano.

Mitaa iliyobadilika sura

Kwa msomaji asiye wa Dar es Salaam, mitaa tunayoizungumzia ni ile ya zamani inayolizunguka jiji kwa karibu: Kariakoo, Gerezani, Ilala, Magomeni, Kinondoni, Upanga. Kariakoo inasemekana ilipata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Enzi za ukoloni mji uligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na ukanda wa wazi wa Mnazi Mmoja ukaachwa katikati kutenganisha Waswahili na wengine. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, kwamba magonjwa yasivuke. Leo ukanda huohuo ni moja ya sehemu chache ambazo mtoto wa Kariakoo anaweza kukimbia bila kugongana na mkokoteni.

Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa lililoanzishwa 1962 lilibomoa nyumba nyingi za udongo na makuti katika mitaa hii na kujenga za matofali. Zilizobaki na zilizojengwa na watu binafsi zilikuwa zile tunazoziita nyumba za Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na mlango wa nyuma unaotoka uani kwenye jiko, bafu na choo.

Hizo ndizo zinazoondoka. Kariakoo mwenye nyumba anaingia ubia na mwenye mtaji, nyumba inavunjwa, na baada ya muda linasimama jengo la ghorofa saba au zaidi, chini maduka, juu stoo na makazi. Magomeni mabadiliko yamekuja kwa mkono wa Serikali. Kota za zamani zilibomolewa mwanzoni mwa muongo wa 2010 na kaya 644 zikatawanyika mjini. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliahidi kuwarudisha, Wakala wa Majengo (TBA) ukajenga, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua majengo mapya ya ghorofa.

Katikati ya yote hayo yakaja mabasi. Mei 2016 mwendokasi ulianza kazi kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Pamoja na malalamiko yote ya foleni za vituoni na mabasi machache, ambayo ni ya kweli, njia ile ilikuja na jambo ambalo wazazi hawalitaji sana: njia pana za waenda kwa miguu kando ya Barabara ya Morogoro. Mzazi aliyewahi kusukuma kigari cha mtoto, au kumshika mkono wa miaka minne pembezoni mwa barabara isiyo na ukingo, anajua hilo lina maana gani.

Kinachopatikana: usingizi na ukaribu

Chuo cha Marekani cha tiba ya usingizi kinapendekeza mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku. Kwa wa miaka 3 na 4, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana.

Sasa rudi kwa yule wa Chanika. Ili aamke saa 10:30 alfajiri akiwa amelala saa tisa, inabidi awe usingizini saa 1:30 usiku. Saa hiyo mama yake huenda bado yuko kwenye daladala Gongo la Mboto. Chakula hakijaiva na kazi ya nyumbani haijakaguliwa. Matokeo yake analala saa 3 au saa 4, na deni linaanza kujikusanya Jumatatu. Wa mjini akiingia kitandani saa 3 usiku anatimiza saa zake tisa bila mtu kufanya muujiza.

Upungufu wa usingizi kwa mtoto hauonekani kama kwa mtu mzima. Mtu mzima anasinzia. Mtoto mara nyingi anakuwa mkali, anahangaika, hatulii darasani, na mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba ni mtundu. Usingizi mdogo wa muda mrefu pia umehusishwa na uzito kupita kiasi na kushuka kwa uwezo wa kukumbuka masomo. Nimeshakaa kwenye kliniki nyingi za watoto kwa ajili ya kazi hii, na swali la mtoto analala saa ngapi ni moja ya yale ambayo wazazi hujibu kwa kutazamana kwanza.

Kwa mama anayenyonyesha, ukaribu una thamani nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, sheria hiyo hiyo inamruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Ni haki nzuri, lakini kwa mfanyakazi wa Posta anayeishi Kibamba, saa mbili hazitoshi kwenda tu. Anayeishi Magomeni anapanda basi, ananyonyesha, anarudi. Mama wa mbali atalazimika kukamua maziwa, kama ofisini kuna sehemu ya faragha na jokofu, au atachukua saa zake mwisho wa siku na kuondoka mapema. Wengi huishia kuanzisha maziwa ya kopo kabla ya miezi sita, na huwezi kuwalaumu.

Halafu kuna homa ya saa 8 usiku. Muhimbili iko Upanga, Amana iko Ilala, Mwananyamala iko Kinondoni, na katikati yake zimejaa zahanati na vituo vya afya. Mtoto akipata degedege au akianza kupumua kwa shida, bajaji ya dakika kumi na safari ya saa nzima si kitu kimoja. Sina la kuongeza hapo. Mzazi yeyote aliyewahi kupita usiku wa namna hiyo anajua.

Kilichopotea: uani

Nimekulia nyumba ya Kiswahili, Ilala, chumba cha pili kushoto. Kwa hiyo nina upendeleo, ingawa najua pia upande wa pili wa maisha yale.

Uani ilikuwa ni mahali pa kufulia, kupikia na kuanikia, lakini kwa mtoto ilikuwa ni shule ya chekechea isiyo na ada. Saa tatu asubuhi kina mama watatu au wanne wako pale, mmoja anachambua mchele, mwingine anafua, bibi mwenye nyumba amekaa kwenye kigoda. Mtoto wa miaka miwili anatambaa, anasimama, anachezea sufuria, anaanguka, anainuka. Anasikia maneno mengi kwa siku kuliko atakayoyasikia kwenye katuni kwa mwezi. Mama akihitaji kwenda sokoni anasema tu, mwenzangu niangalizie, na hakuna malipo yanayotajwa.

Akifika miaka sita anahamia mbele ya nyumba. Kombolela, rede, gololi, mdako, chandimu ya mpira wa makaratasi mpaka adhana ya magharibi. Barazani wamekaa wazee wanaocheza bao, na mtoto anayetupa mawe au kukimbilia barabarani anaitwa kwa jina lake na jina la baba yake. Mtu mgeni akipita mara mbili, anaulizwa anamtafuta nani. Huo ulikuwa ulinzi, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Hata hivyo tusiipambe sana. Nyumba ya vyumba sita mara nyingi ilikuwa na familia sita na choo kimoja. Kipindupindu kiliipenda mitaa hii hii ninayoisifu. Moshi wa mkaa na kuni ulijaa pale pale watoto walipocheza, na uji wa moto uliowekwa chini umewaunguza watoto wengi. Familia ya watu saba chumba kimoja chenye dirisha dogo ni mazingira ambayo kifua kikuu hakihitaji kualikwa. Na si kila jicho lililomtazama mtoto wa mwenzake lilikuwa jema. Kulikuwa na siri uani ambazo watu wazima walizifunika ili wasiharibu ujirani. Nyumba mpya zenye maji ya bomba jikoni na choo cha ndani zimeondoa sehemu kubwa ya mzigo huo, na sioni sababu ya mtu kuulilia.

Ila zilipoondoa choo cha pamoja ziliondoa na jicho la pamoja. Korido ya ghorofa ina milango minane ya chuma, na kila mlango una kufuli lake.

Siku ya mtoto ghorofa ya sita

WHO inapendekeza mtoto wa mwaka 1 hadi 4 awe kwenye shughuli za mwili angalau dakika 180 kwa siku, na kwa wa miaka 3 na 4, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kuhema hasa: kukimbia, kuruka, kupanda. Kuanzia miaka 5 hadi 17 ni wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kati hadi makali. Kuhusu skrini, chini ya mwaka mmoja haipendekezwi kabisa, na kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja.

Dakika 180 zinaonekana nyingi ukizisoma. Uani zilikuwa zinapita kabla ya saa sita mchana bila mtu kuhesabu. Ndani ya sebule ya mita nne kwa tatu yenye kochi la watu sita, meza ya kioo na televisheni, ni mlima. Dada wa kazi naye ana kufua, kupika na kudeki. Akimpa mtoto simu anatulia, na nyumba inabaki safi. Mzazi akirudi jioni anakuta mtoto amekaa, amekula vizuri, hajaumia, na anaona siku imekwenda salama. Mwili wa mtoto una hesabu nyingine.

Chini ya jengo kuna chipsi mayai, soda baridi, juisi za pakiti na biskuti, vyote ndani ya hatua ishirini za lifti. Mchanganyiko wa vitu hivi viwili, kukaa na kula vya kukaanga, ndio unaowaleta kliniki watoto wenye uzito mkubwa kuliko umri wao, na wazazi wanaowaleta kwa jambo lingine kabisa. Bado tuna kasumba ya kumsifia mtoto mnene kwamba ametunzwa.

Kuna na hatari ambazo nyumba ya chini haikuwa nazo. Ya kwanza ni dirisha na kibaraza cha ghorofani. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10, ili kichwa cha mtoto kisipite, na nondo ziwe za wima, kwa sababu za mlalo mtoto huzigeuza ngazi. Nenda na rula leo jioni. Kisha angalia kama kuna kiti, ndoo au kochi chini ya dirisha, ukiondoe. Watoto wadogo hupanda kwanza na kufikiri baadaye.

Ya pili ni mkaa. Wapo waliohama uani wakahama na jiko lao la mkaa, na siku gesi ikiisha wanaliwasha kibarazani au, mvua ikinyesha, ndani. Mkaa unaowaka kwenye nafasi iliyofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na mtoto huathirika haraka kuliko mtu mzima. Kama watu wawili au watatu ndani ya nyumba wameumwa kichwa kwa wakati mmoja na jiko linawaka, msitafute panado. Tokeni nje wote, kisha muende hospitali. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kwa anayeishi ghorofani, kusubiri 2034 ni mbali mno.

Ya tatu ni ujenzi wenyewe. Mitaa hii haijamaliza kujengwa. Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36, na taarifa za siku ile zilisema watoto wa madrasa jirani walikuwa wakicheza karibu. Novemba 16, 2024, likaporomoka la Kariakoo, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Eneo la ujenzi lina mchanga, na mchanga unaita watoto. Mwambie wako wazi, hata akiwa na miaka minne, kwamba pale hapachezwi.

Mtaani, barabarani, uwanjani

Basi wacheze wapi?

Karibu na Kariakoo kuna Mnazi Mmoja. Upande wa Kidongo Chekundu kuna kituo cha michezo cha vijana cha Jakaya M. Kikwete, kilichofunguliwa 2015, chenye viwanja vya mpira wa miguu na kikapu. Jangwani panachezeka kiangazi. Kinondoni kuna Biafra. Ukivitazama kwenye ramani havionekani mbali, lakini kati ya mlango wa nyumba na uwanja kuna barabara mbili tatu zenye bodaboda, bajaji, malori ya mizigo na mikokoteni, na hakuna mzazi mwenye akili atakayemwachia wa miaka saba avuke peke yake. Uwanja upo, mtoto yupo, na katikati yao kuna mtu mzima ambaye jioni hiyo bado yuko kazini.

Dar es Salaam imewahi kuonyesha kwamba jambo hili linatibika kwa fedha kidogo. Shirika la Amend lilianza hapa mpango uitwao SARSAI: wanapima njia zinazotumiwa na wanafunzi, kisha wanaweka matuta, vivuko, njia za miguu na vizuizi, na mahali pengine wanahamisha tu geti la shule lifungukie mtaa mtulivu badala ya barabara kuu. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kwanza ya miji ya WRI Ross Center, ukishindana na miradi ya miji mikubwa ya dunia. Kuhamisha geti la shule ni kazi ya fundi na wasaidizi wake. Kamati ya shule inaweza kuliomba, na mzazi anaweza kuliweka kwenye ajenda ya kikao.

Viwanja vya shule navyo vinastahili kuzungumzwa. Mitaa hii ina shule za msingi za zamani zenye viwanja ambavyo leo mwekezaji angelipa mabilioni kuvipata. Saa 10 jioni vinafungwa kufuli na mlinzi anakaa getini, huku watoto wakicheza mpira kati ya magari nje ya ukuta uleule. Mwalimu mkuu ana sababu zake: madirisha yanavunjwa, na mtoto akiumia ataulizwa yeye. Lakini ni mazungumzo yanayowezekana kati ya serikali ya mtaa, shule na wazazi wanaokubali kupokezana zamu ya kusimamia, hata kwa siku mbili za wiki.

Ndani ya majengo kwenyewe kuna wazazi wameanza kujipangia. Njia niliyoipenda ni ya maegesho. Mchana magari mengi yako kazini na eneo la chini ni tupu. Kati ya saa 10 na saa 12 jioni geti linafungwa, watoto wanashuka, na watu wazima wawili kutoka nyumba tofauti wanashuka nao kwa zamu. Kundi la WhatsApp la wapangaji, ambalo kwa kawaida ni la kugombana kuhusu bili ya maji na pampu, ndilo linalotoa ratiba. Mwenye gari akiwahi kurudi anasubiri au anaegesha nje. Haihitaji kibali cha mtu. Inahitaji tu jirani wa tatu ajue jina la jirani wa nne, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu ghorofani watu wanaweza kuishi miaka miwili wakisalimiana kwa kichwa kwenye lifti.

Mtoto akiwa mdogo wa chini ya miaka mitatu, hata korido inatosha, mradi mtu amekaa mlangoni. Ngazi za jengo, mkono ukiwa umeshikwa, ni mazoezi mazuri kuliko lifti. Sebule ikisogezwa kochi moja, kucheza muziki nusu saa kabla ya kuoga kunamaliza nguvu zote zilizobaki, na usingizi unakuja wenyewe.

Bibi naye

Familia nyingi za Magomeni na Ilala zimehama na wazee wao. Bibi aliyekuwa akikaa barazani na kuona mtaa mzima sasa yuko ghorofa ya tano. Magoti yanauma, umeme ukikatika lifti inasimama, na taratibu anaacha kushuka. Kwa mwenye presha au kisukari, kuacha kutembea ni hasara ya moja kwa moja. Hasara nyingine ni ukimya. Kama mnaweza kuchagua nyumba, mpeni mzee ya chini. Kama haiwezekani, ile zamu ya saa 10 jioni ya watoto ni nafasi nzuri ya bibi kushushwa na kiti chake. Ataona mengi kuliko wazazi wawili walio zamu na simu zao mkononi.

Nani anabaki

Yote haya yanamhusu anayemudu kubaki. Kaya 644 za Magomeni Kota zilipata jambo la nadra: zilirudishwa pale pale zilipotoka. Kariakoo nyumba ya Kiswahili ikiuzwa, mwenye nyumba analipwa au anapewa sehemu ya jengo, na wapangaji wa vyumba vitano vilivyobaki wanapewa notisi. Wao ndio waliokuwa wakiuza vitumbua asubuhi na kushona sare za shule za mtaa. Jengo jipya linataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele. Wanahamia Chamazi au Chanika, na kwa kuwa kazi yao bado iko Kariakoo, na shule ya watoto hawataki kuiacha, mtoto wao ndiye yule tunayemkuta kwenye gari la shule saa 11 alfajiri, kichwa kimelalia dirisha.

Upande wa pili wa Magomeni, ng'ambo ya nyumba, liko bonde la Msimbazi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, wengi wakazi wa mabondeni, na manusura wakapelekwa Mabwepande. Sasa bonde lina mradi mkubwa unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia: mto kupanuliwa na kuimarishwa kingo, daraja jipya la Jangwani, na kwenye michoro, bustani kubwa ya jiji kati ya Kariakoo na Magomeni. Katika mikutano ya wananchi, swali linaloulizwa zaidi ni la fidia, na lina haki ya kutangulia. Mzazi anayeishi ghorofani aende naye akaulize lake: bustani hiyo itakuwa na milango mingapi, upande wa Magomeni uko wapi, na mtoto wa miaka minane atavukia wapi kuifikia.